Walivyofundishwa Mafundi wa Chipu: Taiwan, RCA na Vijana wa 1976

Utangulizi

Watu wengi wanajua kwamba kisiwa cha Taiwan kinatengeneza sehemu kubwa ya chipu zinazotumika duniani. Chipu hizo zimo katika simu tunazobeba mfukoni, katika magari, katika mashine za benki na za hospitali. Wanaojua jinsi ujuzi huo ulivyofika kisiwani ni wachache zaidi. Wengine hudhani kwamba Wataiwan walizaliwa nao, na wengine hudhani kwamba walinunua mitambo kisha wakaiwasha. Mawazo yote mawili si sahihi. Ujuzi ulifika kwa njia ya mafunzo. Kuna mwaka ulioanza, kuna mkataba ulioandikwa, na kuna vijana wanaojulikana waliofunga mizigo yao wakaenda kufundishwa.

Katika insha hii nitaeleza historia ya mafunzo hayo tangu 1945 hadi siku zetu. Nitaonyesha kwamba Taiwan ilifaulu kwa sababu ilidai kufundishwa kazi nzima, hatua kwa hatua. Nitaonyesha pia kwamba katika nchi hiyohiyo, katika kiwanda cha kampuni ileile iliyowafundisha vijana hao, walikuwako wafanyakazi waliofundishwa nusu tu, nao waliilipia nusu ile iliyofichwa. Naona historia hizi mbili hazifai kutenganishwa.

Kazi ya fundi wa chipu

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tuelewe kazi yenyewe. Chipu hutengenezwa juu ya kipande chembamba cha duara cha silikoni, kinachong'aa kama kioo. Silikoni ni semikondakta, yaani kitu ambacho hakipitishi umeme vizuri kama shaba wala hakiuzuii kabisa kama mpira. Ukiichanganya na chembe kidogo za kitu kingine, unaweza kuiamuru ipitishe umeme au iuzuie.

Kipande hicho hupitia hatua nyingi. Huchomwa katika tanuri ili kipate utando juu yake. Hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, kisha ramani ya mistari midogo sana huchapwa juu yake kwa mwanga. Kemikali hula mahali palipoachwa wazi. Chembe za kitu kingine hupenyezwa ndani. Kisha husafishwa, na safari huanza upya, tabaka juu ya tabaka. Punje moja ya vumbi yatosha kuharibu chipu, na ndiyo sababu kazi hufanyika katika chumba ambacho hewa yake huchujwa na wafanyakazi wake huvaa mavazi ya kuwafunika kichwa hadi miguu.

Mhandisi huchora na kupanga. Anayeutunza mtambo kila siku, akasoma vipimo vyake, akagundua kwamba joto la tanuri limepanda kidogo au kwamba dawa imepakwa nene mno, ni fundi sanifu. Kati ya chipu mia zilizotengenezwa, idadi ya zile zinazofanya kazi hutegemea sana macho na mikono yake. Ujuzi wa namna hii hauandikiki wote katika kitabu. Hupatikana kwa kusimama kando ya mtu anayeujua.

Wanafunzi waliowasha taa

Kwa maoni yangu, historia hii inaanzia katika umeme. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Japani iliondoka Taiwan baada ya kuitawala kwa miaka 50. Mabomu yalikuwa yameharibu vituo vya umeme, na wahandisi na mafundi wa Kijapani wapatao 3,000 walirudi kwao. Ilisemekana kwamba kisiwa kingebaki gizani baada ya miezi michache.

Mhandisi mmoja kutoka bara la Uchina, Sun Yun-suan, alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kutengeneza mitambo hiyo. Hakuwa na mafundi wa kutosha, kwa hiyo aliwaendea wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Vijana mia kadhaa walitolewa madarasani wakapelekwa vituoni, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Katika muda wa miezi mitano hivi, umeme ulikuwa umerudi katika sehemu kubwa ya kisiwa.

Sun hakuishia hapo. Kuanzia 1964 hadi 1967 aliliongoza shirika la umeme la Nigeria, kazi aliyoipata kupitia Benki ya Dunia. Aliporudi Taiwan alikuwa waziri, na mwaka 1969 akawa Waziri wa Uchumi. Nimemtaja kwa urefu kwa sababu ndiye aliyekuja kuamua habari ya chipu, na huenda alikumbuka jambo aliloliona kwa macho yake: kwamba vijana wasiojua wanaweza kugeuka mafundi, mradi wapewe kazi halisi na mtu wa kuwaongoza.

Mikono ya bei rahisi

Katika miaka ya 1960 kampuni za kigeni zilianza kufungua viwanda vya vifaa vya umeme Taiwan. Mwaka 1966 serikali ilifungua eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kusafirishwa nje katika mji wa bandari wa Kaohsiung. Maelfu ya wasichana kutoka vijijini walipata ajira. Waliunganisha nyaya, waliunga vipande vya redio na televisheni, walifungasha chipu zilizotengenezwa ng'ambo. Walifanya kwa ustadi na kwa mshahara mdogo.

Lakini kila mmoja alifundishwa tendo moja tu. Chipu yenyewe ilifika ikiwa imekwisha kutengenezwa, naye aliiunganisha na kuipitisha kwa mwenzake. Kama kampuni ingehama kesho kutafuta mikono ya bei rahisi zaidi, kisiwa kingebaki na majengo matupu. Viongozi walilijua jambo hili, na bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 hofu yao iliongezeka. Mwaka huohuo Sun alisimamia kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa viwanda, inayojulikana kwa kifupi kama ITRI, katika mji wa Hsinchu. Tayari katika mji huo Chuo Kikuu cha Chiao Tung kilikuwa na maabara ya semikondakta tangu 1964, na wanafunzi wake walikuwa wameonja kazi hiyo kwa kiasi kidogo.

Kifungua kinywa cha Taipei

Mnamo Februari 1974, watu saba walikutana asubuhi katika mkahawa mdogo wa Taipei unaouza maziwa ya soya. Miongoni mwao alikuwa Waziri Sun, na mgeni wao alikuwa Pan Wen-yuan, mhandisi mzaliwa wa Uchina aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kimarekani ya RCA. Swali la asubuhi hiyo lilikuwa moja: Taiwan ishike kazi gani ili iondoke katika kuunganisha vipande vya wengine? Pan alijibu kwamba ishike chipu. Aliulizwa itachukua muda gani na fedha kiasi gani. Alisema miaka 4 na dola milioni 10 za Marekani.

Baadaye mwaka huo Pan aliandika mpango wenyewe. Alishauri nchi isijaribu kugundua kila kitu upya, maana muda haukutosha, bali itafute kampuni ya kigeni iliyokubali kuuza ujuzi wake. Huko Marekani aliwakusanya wahandisi wenye asili ya Kichina wawe washauri. Yeye mwenyewe aliacha kazi RCA mapema ili asije akaonekana anakula pande mbili.

Zilizungumzwa kampuni kadhaa za Marekani. Ikachaguliwa RCA, ambayo wakati ule ilikuwa na teknolojia ya aina ya CMOS. Chipu za aina hiyo zilitumia umeme kidogo sana, kwa hiyo zilifaa kwa saa za mkononi. Mistari yake ilikuwa ya upana wa maikroni 7, yaani karibu sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Haikuwa teknolojia ya mbele kabisa duniani, na wapinzani nyumbani walilalamika kwamba fedha za umma zinanunua kitu kilichoanza kuchakaa. Lakini katika mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1976 kulikuwa na jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na thamani kuliko mitambo: RCA ilikubali kuwafundisha Wataiwan kazi yote, tangu kuchora chipu, kuitengeneza, kuipima, kutunza mitambo, hata kupanga uzalishaji na kuhesabu gharama zake.

Vijana waliotumwa

Mwaka huohuo wa 1976 kundi la kwanza liliondoka, na mengine yakafuata. Kwa jumla hawakufika 50. Wengi walikuwa wahandisi wa umri wa miaka ya ishirini, baadhi wakiwa wametoka tu masomoni. Waligawanywa katika vikundi, kila kikundi na sehemu yake ya kazi, wakapelekwa katika viwanda na ofisi za RCA huko New Jersey, Ohio na Florida. Kijana mmoja aliyekuwa amehitimu shahada ya uzamivu Marekani, Shih Chin-tay, aliingia katika kundi hilo na baadaye akawa msimamizi wa kiwanda chao cha nyumbani.

Hapa pana somo kubwa. Vijana hawa walikuwa na vyeti, lakini hawakwenda kukaa darasani. Walisimama kando ya matanuri, wakatazama jinsi fundi wa Kimarekani anavyopima, wakauliza sababu, wakaandika. Mwenye shahada alijifunza kazi ya fundi sanifu bila kuona haya. Na kwa kuwa waligawanyiwa sehemu zote, hakuna hatua iliyobaki bila mtu wake. Waliporudi na kukutana Hsinchu, kila mmoja alileta kipande chake, na vipande vilipounganishwa kiwanda kizima kilipatikana.

Wahenga wetu wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vijana hawa walirejea. Mwezi Oktoba 1977 kiwanda cha mfano cha ITRI kilifunguliwa. Hapo wao wakawa walimu: waliwafundisha mafundi na waendesha mitambo wa nyumbani waliyoyaona ng'ambo. Katika muda wa miezi kiasi, kiwango cha chipu nzima katika kiwanda hicho kilikipita kile cha RCA yenyewe, kikafika karibu asilimia 70. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu katika kazi aliyofundishwa naye.

Ujuzi uliosambaa

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mwaka 1980 kampuni ya UMC ilizaliwa kutoka ITRI, na mwaka huohuo bustani ya sayansi na viwanda ya Hsinchu ilifunguliwa. Mwaka 1985 Morris Chang, aliyekuwa amefanya kazi miaka 25 katika kampuni ya Texas Instruments, aliitwa kuiongoza ITRI. Mwaka 1987 alianzisha TSMC, kampuni iliyoamua kutengeneza chipu zilizochorwa na wengine tu, bila kuuza chipu za jina lake. Ilianza na wafanyakazi na mitambo kutoka ITRI.

Ukiyafuata majina ya vijana wa 1976 utawakuta kila mahali. Tseng Fan-cheng alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa TSMC. Tsai Ming-kai aliongoza MediaTek, kampuni ambayo chipu zake zimo katika simu nyingi za bei nafuu, zikiwamo zinazouzwa katika masoko yetu ya Afrika Mashariki. Shih Chin-tay alikuja kuwa mkuu wa ITRI. Mradi ulioanza na vijana wasiofika 50 ulizaa vizazi vya walimu.

Waliofundishwa nusu

Laiti historia ingeishia hapo ingekuwa tamu tupu. Lakini RCA ilikuwa na historia nyingine Taiwan. Tangu mwaka 1970 hivi ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Taoyuan, si mbali sana na Hsinchu, kilichotengeneza sehemu za televisheni na vifaa vingine vya umeme. Maelfu kwa maelfu ya watu walipita humo, wengi wakiwa wanawake vijana. Walitumia vimiminika vikali, kama trikloroethilini, kusafishia vipande vya vifaa. Kemikali za jamii hiyo zilitumika katika viwanda vya chipu pia. Wafanyakazi hao walifundishwa namna ya kuchovya, kufuta na kuunga. Hawakuelezwa ipasavyo kimiminika kile ni nini, kinafanya nini kikiingia mapafuni, wala kinakwenda wapi kikimwagwa.

Kilikwenda ardhini, na kutoka ardhini kikaingia katika maji ya visima. Wafanyakazi walitoa ushahidi kwamba walikunywa maji hayo kiwandani na katika mabweni yao. Kiwanda kilibadili wenyewe, kikafungwa mwaka 1992, na miaka miwili baadaye uchafuzi ukatangazwa hadharani. Wengi wa wafanyakazi wa zamani walikuwa wameanza kuugua saratani. Mwaka 2004 walifungua kesi. Ilichukua miaka 11 kabla mahakama ya Taipei kuamua, mwezi Aprili 2015, kwamba walipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 500 za Taiwan. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliithibitisha fidia kwa sehemu yao, na kesi za wengine zikaendelea. Baadhi walikuwa wamekufa kabla ya kusikia hukumu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanawake hawa hawakufunzwa na wale waliokuwa na wajibu wa kuwafunza, wakafunzwa na ugonjwa. Ninapolinganisha makundi mawili, vijana wa New Jersey na wanawake wa Taoyuan, naona tofauti haikuwa katika akili wala bidii. Kundi la kwanza lilikuwa na mkataba uliosema litafundishwa kila kitu, na serikali iliyousimamia. Kundi la pili halikuwa na yeyote wa kulidai hilo kwa niaba yake.

Safari iliyogeuka

Miaka imepita na safari imegeuka upande. Mwaka 2020 TSMC ilitangaza kujenga kiwanda katika jimbo la Arizona, Marekani. Ujenzi ulipoendelea, ilionekana kwamba nchi iliyowafundisha Wataiwan mwaka 1976 haikuwa na mafundi wa kutosha. Mamia ya wahandisi wa Kimarekani walipelekwa Taiwan kufundishwa, kama vile vijana wa Taiwan walivyopelekwa Ohio. Mwaka 2022 vyuo vya jamii vya eneo la Phoenix vilianzisha kozi fupi ya siku 10 ya kuwaonjesha watu kazi ya fundi wa semikondakta. Hata hivyo, mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba uzalishaji utachelewa, ikitaja upungufu wa mafundi wenye uzoefu.

Tukio hili linathibitisha kwamba ujuzi wa mikono haukai ghalani. RCA yenyewe haipo tena kama kampuni. Ilinunuliwa mwaka 1986 na mali zake zikagawanywa. Nchi ikiacha kufanya kazi fulani kwa kizazi kimoja, hulazimika kwenda kuiomba kwa aliyeendelea kuifanya, hata kama ndiyo iliyomfundisha.

Hitimisho

Sisi wa Maziwa Makuu tunahusika na habari hii kuliko tunavyodhani. Koltani ya mashariki mwa Kongo hutoa tantali, inayotumika katika vifaa vidogo vinavyokaa kando ya chipu ndani ya simu. Wachimbaji wetu ni sehemu ya mnyororo huu, lakini wako mwisho wake, mahali ambapo mtu hufundishwa tendo moja tu: kuchimba. Na huko Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayotengeneza semikondakta na kufundisha vijana, jambo linaloonyesha kwamba kazi hii si ya mbali tena.

Yatakuja makubaliano mengi, na kila moja litaahidi ajira na mafunzo. Historia ya Taiwan inatupa maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Vijana wetu watafundishwa hatua ngapi za kazi, moja au zote? Baada ya kufundishwa, wataweza kumfundisha mwingine? Na je, wataelezwa kilichomo ndani ya chupa watakayopewa kusafishia, na yanakokwenda maji machafu? Serikali iliyotuma vijana mwaka 1976 iliuliza maswali mawili ya kwanza, ikapata faida yake. Swali la tatu halikuulizwa kwa ajili ya wanawake wa Taoyuan, na jibu lake lilikuja mahakamani baada ya miaka zaidi ya 40.